Mkebe wa Sarafu wa Marehemu Baba

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha nyumba ya vyumba vinne Ngamiani, hapa Tanga, akaacha vyombo vya duka visivyokuwa na thamani kubwa, na akaacha mkebe wa biskuti uliojaa sarafu za kale. Nyumba haikuleta maneno. Ilijulikana tangu zamani kwamba mama angeendelea kukaa humo, na sote wanne tuliliridhia hilo kabla sheikh hajafungua daftari lake. Mkebe ndio ulioleta maneno, na ni kwa ajili ya mkebe huo sisi mabinti wawili, ambao hatukuwahi kushika kamera isipokuwa ya simu, tulitumia karibu miezi mitatu kujifunza namna ya kupiga picha za vitu ambavyo vingine si vikubwa kuliko kifuniko cha chupa ya soda.

Baba hakuwa mtaalamu wa sarafu. Alikuwa mwenye duka, na kila mzee aliyemletea sarafu iliyokwisha kazi alipewa robo ya sukari au kibiriti, na sarafu ikaingia mkebeni. Kwa namna hiyo alikusanya, bila ya kukusudia, historia nzima ya pesa za pwani yetu. Zilikuwamo pesa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi, zenye picha ya mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Zilikuwamo pesa za kampuni ya Wajerumani, nazo zina tai upande mmoja na Kiarabu upande mwingine, kwa kuwa Mjerumani alipofika alijua watu wa pwani wanasoma nini. Zilikuwamo heller, ambazo ndizo zilizotuachia neno hela. Senti za Waingereza zenye tundu katikati na pembe za ndovu pembezoni mwa tundu. Na shilingi za mwanzo za Tanzania za mwaka 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere na mwenge. Na zilikuwamo reale tatu, zile kubwa zenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Jumla ni sarafu 41.

Katika mirathi yetu hesabu haikuwa ngumu. Mama hupata thumni, na kinachobaki hugawanywa kwa wana, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kaka zetu ni wawili, nasi tu wawili, kwa hiyo sheikh aligawa mali katika mafungu 48: mama 6, kila kaka 14, kila mmoja wetu 7. Ugumu ulikuwa kujua mafungu hayo ni ya kitu gani. Sarafu haina bei iliyoandikwa. Pesa mbili za mwaka mmoja, moja safi na nyingine iliyolika, bei zake hutofautiana mara kumi na zaidi. Kaka mkubwa yuko Muscat kwa miaka mingi sasa, na wa pili yuko Mombasa. Wakatuagiza, kwa haki kabisa, tuwapigie picha kila sarafu mbele na nyuma, ili kila mrithi ajue kilichomo, na ili kaka wa Muscat amwoneshe mfanyabiashara mmoja wa sarafu anayemwamini.

Tulidhani ni kazi ya saa moja baada ya Isha.

Tulizipanga juu ya meza ya sebuleni, chini ya taa ya zamani yenye mwanga wa manjano, tukapiga kwa simu, flashi ikiwaka. Kabla ya hapo mmoja wetu, na tumekubaliana tusimtaje, aliona haya kuwapelekea kaka zetu sarafu chafu. Alichukua pesa nne za Barghash akazisugua kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa kama waya mpya. Tukatuma picha zote 82 kwa simu usiku ule ule, tukalala tukiwa na raha.

Asubuhi jibu lilikuwa limefika kutoka Muscat. Salamu zilikuwa fupi kuliko kawaida. Kisha: "Wadogo zangu, hizi reale mbona za njano? Reale ya baba ni fedha. Na hizi pesa nne ni mpya, zimetoka wapi? Nambieni, reale ya baba iko wapi?"

Hakusema kwamba tumebadilisha. Lakini neno lilikuwa limeshakaa mahali pake, na kila aliyesoma alilisoma. Mama hajui kusoma ujumbe wa simu, ila alitutazama nyuso wakati wa kunywa chai akauliza mara moja tu kama kaka ni mzima. Tulimwambia ni mzima.

Tuliifungua tena mkebe tukazitazama reale kwa mwanga wa mchana. Zilikuwa nyeupe, kama alivyosema kaka. Katika picha zilikuwa za njano, kama alivyosema kaka vilevile. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba tumetuma picha 82 za uongo bila ya kukusudia uongo.

Kwenye kabati la baba ilikuwamo kamera ndogo ya kidijitali, zawadi ya kaka yuyo huyo kutoka Muscat, ambayo baba aliipokea kwa shukrani, akaivisha soksi ili isipate vumbi, asiitumie hata siku moja. Tuliichaji betri yake, tukafungua kijitabu cha maelekezo, tukaanza.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba kamera ikiachiwa ijipange yenyewe haioni kitu kilichoko mbele yake. Inabahatisha. Jicho la mwanadamu likiingia katika chumba chenye taa ya manjano hujirekebisha baada ya muda mfupi, na shuka nyeupe ikaonekana nyeupe. Kamera huhitaji kuambiwa nyeupe ni ipi. Katika menyu kuna kipimo cha weupe, kilichoandikwa WB, chenye picha ya jua, ya wingu, ya taa ya balbu na ya taa ya mrija. Na mwisho kabisa kuna alama ya kipimo cha mkono, ambapo mtu huilekeza kamera kwenye karatasi nyeupe iliyopo palepale kwenye mwanga wa kazi, akabonyeza, nayo ikakubali kuwa huo ndio weupe. Tulipofanya hivyo, reale ikarudi kuwa fedha. Tulikaa tukaitazama kwenye kioo cha kamera kama watu waliopata mgonjwa wao amefumbua macho.

Lakini ilikuwa na ukungu. Kamera ya kawaida haioni vizuri kitu kilicho karibu sana. Lazima iwekwe kwenye alama ya ua, ambayo ndiyo hali ya kupigia vitu vidogo. Hata hapo tulikosea. Tuliisogeza lenzi mpaka karibu kuigusa sarafu, na kivuli cha kamera yenyewe kikaifunika, na sarafu ya duara ikatoka imevimba katikati kama mandazi. Dawa yake ni kurudi nyuma kidogo na kuvuta kwa zumu kiasi, si mpaka mwisho, mpaka sarafu ijaze sehemu kubwa ya picha na mwanga uweze kupita pembeni.

Kisha mkono. Hakuna mkono usiotikisika. Tunasema hivi kwa kuwa kila mmoja wetu alimlaumu mwenzake kwa siku mbili. Ndani ya nyumba mwanga ni mdogo, kamera huacha mlango wake wazi kwa muda mrefu ili ukusanye mwanga wa kutosha, na katika muda huo pumzi tu inatosha kuharibu herufi. Tuliona kwamba tukipandisha namba ya ISO mpaka 1600 mlango hufunga upesi, tukafurahi. Furaha ikaisha tulipoikuza picha: uso wa sarafu ulikuwa umejaa chengachenga kama mchele uliomwagika, na hatukuweza kujua ni kipi kilichomo katika sarafu na ni kipi kilichotiwa na kamera. Kwa kazi ya namna hii ISO ibaki chini kabisa, 80 au 100, na kamera isishikwe.

Stendi hatukuwa nayo. Tulichukua makopo mawili ya maziwa ya unga, tukalaza juu yake vipande viwili vya mbao vilivyoacha nafasi katikati, na kamera ikalala hapo kifudifudi, lenzi ikichungulia chini. Tukaiweka kwenye saa yake ya sekunde mbili, ili kidole kikishabonyeza kiondoke na mtikisiko utulie kabla ya picha kupigwa. Hatutaki kujisifu, lakini makopo yale yalifanya kazi ambayo fundi yeyote angeridhika nayo. Tatizo lilikuwa kuinama kwa upande mmoja: ubao ulikuwa na unene usiolingana, na nusu ya sarafu ilitoka kali, nusu ikafifia. Tulikuja kufundishwa baadaye kwamba mtu huweka kioo kidogo cha mkononi mahali pa sarafu, akatazama katika kamera mpaka lenzi ijione yenyewe katikati ya kioo. Ikijiona katikati, imenyooka.

Kuhusu tundu la lenzi, lile linaloandikwa kwa herufi f na namba, kila mtu atakwambia namba kubwa huleta ukali kuanzia juu mpaka chini ya kitu. Ni kweli kwa kiasi. Katika kamera yetu ndogo f/8, ambayo ndiyo namba yake kubwa kuliko zote, ilileta picha laini kuliko f/5.6, kwa sababu tundu likiwa dogo mno mwanga wenyewe hutawanyika pembezoni mwake. Tulipiga sarafu moja kwa namba zote, tukaandika daftarini, tukalinganisha. Daftari ni bora kuliko kumbukumbu ya watu wawili wanaobishana.

Na kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu. Ukiweka sarafu juu ya karatasi nyeupe itaona mwanga umezidi, itapunguza, na sarafu itatoka nyeusi. Ukiiweka juu ya baibui itaona giza, itaongeza mwanga, na fedha itaungua ikawa doa jeupe. Juu ya karatasi nyeupe tulijumlisha moja. Juu ya kitambaa cheusi tulitoa moja, wakati mwingine na zaidi. Hatimaye tuliacha vyote viwili tukatumia ubao wa kijivu wa daftari kuukuu la duka.

Kufikia hapo picha zetu zilikuwa na rangi ya kweli na ukali wa kuridhisha, na bado hazikuonesha kitu. Sarafu zilionekana bapa, kama zimechorwa. Tulikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha tangu enzi za filamu, ambaye sasa hupiga pasipoti tu. Tulimwamkia, tukamtandazia kazi yetu. Alizitazama kwa muda mrefu, akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Wanangu, mwanga mmeuingiza kwa mlango gani?"

Hatukumwelewa. Alitufungia dirisha, akazima taa, akaweka pesa moja ya Barghash mezani, akawasha tochi ya simu yake juu yake kabisa. Sarafu iling'aa, isiwe na herufi. Kisha akaishusha tochi polepole kuelekea upande, mpaka ikawa karibu kulala juu ya meza. Herufi zikainuka. Kila alif ilikuwa na kivuli chake, na mizani ile upande wa pili ilionekana mpaka minyororo. Akaizungusha tochi kuizunguka sarafu kama anayezungusha mshale wa saa, na kila inapofika huonekana jambo jipya na jingine likajificha. Akasema flashi ya kamera ni sawa na kumpiga mtu tochi ya macho kisha ukadai kwamba umemwona. Tuizime kabisa. Tutumie dirisha la upande usiopigwa na jua, asubuhi, taa zote za ndani zikiwa zimezimwa, maana mwanga wa dirisha na wa balbu havipatani na sarafu itatoka ya samawati upande huu na ya njano upande ule. Dirisha likiwa kali, tulizibe kwa karatasi nyepesi ya kuokea keki. Na kwa kila sarafu tuizungushe, si kamera, tuizungushe sarafu, mpaka iseme.

Alipoziona zile pesa nne zilizosuguliwa alinyamaza. Kisha akauliza ni nani. Hakuna aliyejibu. Akasema rangi ile ya kahawia iliyotolewa kwa dakika tano ilichukua zaidi ya miaka mia kujijenga, na kwamba mnunuzi yeyote ataiona hata gizani. Sarafu ya kale haisafishwi, wala kwa ndimu wala kwa dawa ya meno. Hupanguswa vumbi, tena kwa kuigusa ukingoni tu, basi. Alikataa malipo akataka tumpelekee picha zitakapokuwa tayari.

Tulianza upya na heller. Baba alikuwa na heller 20 tano za Tabora, za mwaka 1916, wakati Wajerumani walipozingirwa na Waingereza baharini, pesa haziwafikii kutoka kwao, wakaamua kuzipiga wenyewe katika karakana ya reli. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya manjano, na zote ni kazi ya haraka. Tulikuwa tumezihesabu kuwa sarafu moja mara tano. Mwanga wa pembeni ulipozipitia tuliona kwamba taji katika mbili ni kubwa na katika tatu ni dogo, na kwamba herufi L katika neno la Kijerumani zina ncha zilizochongoka katika baadhi na zilizojikunja katika nyingine. Watu wa sarafu huzitenganisha kwa alama hizo hizo, na bei hufuata. Picha za simu za usiku ule zingewapa kaka zetu sarafu tano sawasawa, na mgawo usingekuwa wa haki, ingawa sote tungeapa kwamba ni wa haki.

Reale tuliziacha mwisho, kwa heshima na kwa woga.

Ya kwanza na ya pili zilitoka vizuri. Ya tatu ndiyo ile ambayo baba akiitofautisha. Ilikuwa imefungwa peke yake katika kitambaa, na alikuwa akisema ilitoka kwa babu, na kwamba ni kongwe kuliko nyingine. Tuliiweka chini ya kamera, mwanga ukiingia kwa chini kutoka kushoto, ISO 80, f/5.6, tukabonyeza, tukakuza.

Uwanja mtupu mbele ya uso wa Maria Theresa ulikuwa na vitundu. Vilikuwa vidogo mno, kama vile vya uso wa chapati iliyoanza kuiva, visivyoonekana kabisa kwa jicho. Katika reale mbili za kwanza havikuwapo. Herufi zake zilikuwa za mviringo, hazina kona. Tuliisimamisha kwa ukingo baina ya viberiti viwili. Reale ya kweli ina maandishi yaliyoinuka kuzunguka ukingo wake, Kilatini chenye maana ya haki na upole. Hii ilikuwa na mstari mwembamba tu, kama mshono, uliopigwa tupa. Tuliipeleka kwa sonara sokoni aipime pamoja na zile mbili. Reale huwa na uzito wa gramu 28 na kidogo. Mbili zilifika hapo. Ya baba ilikuwa gramu 22 na nusu.

Ilikuwa ya kumimina katika kalibu. Haikuwa fedha.

Usiku ule hatukulala mapema. Jambo lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulitenda. Kaka alikuwa ameuliza reale ya baba iko wapi, na sasa mikononi mwetu tulikuwa na picha safi kabisa, ya kwanza tuliyoweza kujivunia, inayothibitisha kwamba reale iliyomo mkebeni si ya kweli. Nani angeamini kwamba baba alitunza kitu cha bandia kwa maisha yake yote, akakifunga kitambaa? Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba sisi, tulio karibu na mkebe, tunaokwenda kwa masonara, tumefanya tuliloshukiwa. Mmoja wetu alisema tutume picha iliyo na mwanga wa juu. Isingekuwa uongo, ingekuwa sarafu ile ile, yenye rangi ya kweli, iliyo bapa kidogo. Vitundu visingeonekana. Ingeingia katika hesabu kama reale, ingeangukia fungu la yeyote, na jina la baba lingesalimika na letu pia.

Tulijadiliana mpaka saa saba za usiku. Hatutasema nani alisema nini, kwa kuwa tulibadilishana maneno zaidi ya mara moja. Kilichotushinda ni daftari. Tulikuwa tumeandika kwa kila sarafu namba zake zote, mwanga ulitoka wapi, saa ngapi. Sarafu 40 kwa mwanga wa chini na moja kwa mwanga wa juu ingeonekana katika karatasi yetu wenyewe. Na hata tungeichana karatasi, sisi tulikwisha kujua kwa nini tochi iliinuliwa.

Asubuhi baada ya Alfajiri tulituma zote. Safari hii tulizituma kama faili, si kama picha za kawaida, kwa kuwa simu huzibana picha ili zisafiri upesi na maelezo madogo hufia njiani. Tuliambatanisha uzito kutoka kwa sonara. Tuliandika kwamba reale ya tatu ni ya kumimina, kwamba tumeikuta hivyo, na kwamba pesa nne zilisuguliwa na mmoja wetu kwa ujinga na thamani iliyopungua ikatwe katika mafungu yetu.

Siku ile haikuja simu. Siku ya pili vilevile. Tulipika, tukafua, tukampeleka mama kliniki. Siku ya tatu, baada ya Magharibi, kaka alipiga, akataka tumweke sauti ya juu sote tumsikie, na mama akiwapo.

Aliuliza kwanza kama tumeitazama vizuri picha ya tatu, nyuma ya utaji wa yule malkia, palipo na uwazi mdogo kabla ya maandishi. Tulikuwa hatujatazama hapo; tulikuwa tumeshughulishwa na vitundu. Tuliikuza. Kulikuwa na mkwaruzo hafifu wa msumari, wenye meno matatu na mkia.

"Hiyo ni sin," alisema. "Ni herufi ya jina langu. Nilikuwa na miaka minane, ndiyo kwanza tumefundishwa kuandika chuoni. Baba alinichapa siku ile hata mama akaingilia kati."

Mama akasema ni kweli, alimchapa kwa kandambili, na kwamba baba alijuta kisha akampeleka Raskazone kuoga baharini.

Kaka akanyamaza. Tulisikia magari ya huko aliko. Kisha akasema kwamba katika picha za mwanzo aliitafuta sin yake asiione, ndipo akaandika alivyoandika. Alitaka radhi. Alitaka radhi kwa maneno marefu, ambayo hayana haja ya kuletwa hapa, nasi tulilia kama inavyotarajiwa. Flashi ilikuwa imeufuta mkwaruzo ule, na mwanga uleule wa pembeni uliotuonesha kwamba reale ni ya bandia ndio uliomwonesha yeye kwamba ni yenyewe.

Babu aliipata wapi, na kama baba alijua, hatuna wa kumuuliza. Kaka wa Mombasa anaamini alijua. Anasema mtu aliyepokea sarafu dukani miaka yote ile lazima aliusikia mlio wake ukiwa mbaya. Inawezekana. Sisi tulikuja kuidondosha juu ya sakafu pamoja na ya kweli: ile ya kweli hulia kwa muda, hii hutoa kishindo kimoja kifupi.

Sarafu zimekwisha kutathminiwa kwa picha zile zile, na mgawo umefanyika. Pesa nne zilizosuguliwa zimekwenda kwa aliyezisugua, kwa bei ya chini, na amezikubali. Reale ya baba haikuhesabiwa katika mafungu 48 kwa kuwa haina bei ya kuhesabika. Kaka aliomba apewe, mama akakataa, akasema akifika likizo ataikuta. Imerudi katika kitambaa chake. Yule mzee wa studio tulimpelekea picha kama alivyotaka. Alizipitia zote, akasema ya heller moja imeinama kidogo upande wa kulia, tuitazame ile mbao.

Tumeipima kwa kioo. Ni kweli imeinama.